Kadi ya Grafiki Inanguruma na Kuchemka: Namna ya Kuituliza Bila Gemu Kukatika

Hakuna mwezi mgumu kwa kadi ya grafiki iliyopo Tabora kama Oktoba. Mvua bado, vumbi jekundu liko hewani tangu Juni, na joto la mchana nje hufika nyuzi 32 hadi 33. Ndani ya chumba cha bati tupu, kisicho na silingibodi, linapita hapo. Sasa kumbuka kwamba feni peke yake haipozi kitu. Kinachopoza ni hewa inayosukumwa na feni, na hewa hiyo ikiingia na nyuzi 8 zaidi, chipu nayo hupanda karibu nyuzi 8 kwa mzigo uleule. Tena mji uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, na feni ikizunguka kasi ileile inaondoa joto pungufu. Vipimo unavyoviona kwenye video za majaribio vimechukuliwa vyumba vyenye kiyoyozi. Usijilinganishe navyo.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni hili: mtu amechoshwa na kelele, anafungua programu, anashusha feni hadi asilimia 40, anapata utulivu wa dakika kumi, kisha gemu linajifunga. Ameanzia mwisho. Feni inapiga kelele kwa sababu kuna joto, na joto lipo kwa sababu kadi inakula wati nyingi au hewa haipiti. Punguza wati, fungua njia ya hewa, ndipo uiguse feni. Ukienda kwa utaratibu huo, mara nyingi feni itanyamaza yenyewe kabla hujaigusa.

Pima kabla ya kugusa chochote

Programu mbili za bure zinatosha: HWiNFO64 au GPU-Z ya kusoma vipimo, na MSI Afterburner ya kurekebisha. Cheza gemu lako zito kwa dakika 20 saa nane mchana, wakati chumba kimechemka. Usipime usiku. Andika kwenye karatasi: joto la chipu, joto la sehemu yenye moto zaidi (imeandikwa Hot Spot, au Junction kwa kadi za chapa ya AMD), joto la memori kama kadi inalionyesha, mizunguko ya feni, wati, kasi ya chipu kwa megahezi, na volti.

Kadi nyingi za Nvidia za miaka ya karibuni zimepangwa kiwandani zianze kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 83, kwa hiyo 75 hadi 80 kwenye chumba cha Oktoba si ugonjwa. Kadi za AMD za RX 5000 na 6000 zimeruhusiwa kufika nyuzi 110 kwenye Junction, ingawa sisi hatupendi kuona zaidi ya 95. Namba muhimu kuliko zote ni tofauti kati ya joto la chipu na Hot Spot. Nyuzi 10 hadi 15 ni kawaida. Ikizidi 25, tatizo haliko kwenye programu. Kuna mahali hitisinki (chuma cha mapezi kinachonyonya joto la chipu) haikai sawasawa juu ya chipu au themo pesti (krimu inayopakwa kati yake na chipu) imekauka, na hakuna mpangilio wa feni utakaoponya hilo.

Feni zinanguruma hata kwenye menyu ya gemu

Tazama fremu kwa sekunde, yaani kadi inachora picha ngapi kila sekunde. Menyu ni picha nyepesi, na kadi isiyowekewa kikomo itaichora mara 300, 400 au zaidi kwa sekunde, wakati skrini yako ya hezi 60 inaonyesha 60 tu. Nyingine zote ni umeme wa LUKU uliogeuzwa kuwa joto. Weka kikomo cha fremu 60, au sawa na hezi za skrini yako. Kwa Nvidia kiko kwenye Nvidia Control Panel, sehemu ya mipangilio ya 3D, mahali palipoandikwa Max Frame Rate. Kwa kadi yoyote unaweza kutumia RivaTuner, inayokuja pamoja na Afterburner. Hatua hii haigusi volti wala kasi ya kiwandani, kwa hiyo haiwezi kukatisha gemu. Tunashangaa ni wangapi wanaipita.

Kikomo hichohicho ndicho dawa ya kwanza ya ule mlio mwembamba, kama mbu sikioni, unaobadilika kadiri picha zinavyobadilika. Hiyo si feni. Ni koili za kadi zinatetemeka umeme unapopita. Haziharibu kitu, na fremu zikipungua mlio hupungua.

Feni zinawaka, zinazima, zinawaka tena

Kadi nyingi huzima feni kabisa zikiwa chini ya nyuzi 50 au 60. Chumba kikiwa na nyuzi 33, kadi isiyo na mzigo inakaa palepale mpakani: inafika, feni zinawaka, inashuka nyuzi mbili, zinazima. Kuwashwa na kuzimwa huku kunachosha masikio na mota za feni kuliko kuzunguka polepole mfululizo. Miezi ya joto, ondoa hali ya feni sifuri na ziache zizunguke asilimia 30 muda wote. Kwenye Afterburner, sehemu ya Fan, kuna kisanduku cha Temperature hysteresis: weka 4 au 5, ili feni isishuke mpaka joto lishuke kwa nyuzi hizo.

Feni inakwaruza au inagonga

Zima mashine, chomoa waya ukutani, zungusha kila feni kwa kidole. Feni nzima inateleza na kusimama taratibu. Iliyochoka inasimama ghafla au inacheza ukiisukuma juu na chini. Angalia kwanza kama kuna waya unaogusa mapanga, maana hiyo ndiyo sababu rahisi kuliko zote na hutokea kila mtu akifungua kasha. Kama ni beringi kavu, bandua stika ya katikati ya feni polepole, weka tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha stika. Tone moja, si matatu, maana yakizidi yanatoka na kukamata vumbi. Mafuta ya kula yasiguse hapo kabisa, yanaganda. Dawa hii inakupa miezi, haikupi miaka, kwa hiyo anza kutafuta feni mbadala. Unapoiagiza, pima kipenyo cha mapanga, umbali kati ya matundu ya skrubu, na idadi ya pini za plagi yake. Namba iliyoandikwa mgongoni mwa feni ndiyo ya kumpa muuzaji, kwa sababu kadi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na feni tofauti.

Joto liko juu muda wote na feni ziko asilimia 90

Mulika tochi ya simu kati ya mapanga ya feni. Vumbi baya halilali juu ya feni. Linalala chini yake, pale mapezi ya aluminiamu yanapoanza, limeshikana kama kipande cha blanketi chenye rangi ya udongo. Mtu anayefuta mapanga kwa kitambaa anaona kadi inang'aa, kumbe mlango wa hewa bado umezibwa.

Itoe kadi kwenye mashine. Shikilia mapanga yasizunguke, kisha puliza kwa blowa ya umeme kutoka upande wa mapezi kuelekea nje, na sugua kilichoganda kwa brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu. Sababu ya kushikilia mapanga ni kwamba feni ikizungushwa kwa upepo mkali inapita kasi iliyotengenezewa, beringi inaumia, na inaweza kurudisha umeme kwenye kadi. Usiende na kadi kwenye kompresa ya pancha, hata kama ni jirani na ni bure. Tangi lake lina maji na mafuta, na vyote viwili hutoka pamoja na upepo.

Kisha tazama mashine inakaa wapi. Kasha lililowekwa sakafuni linanyonya kila kinachoinuliwa na ufagio. Lipandishe mezani, liache sentimita 10 kutoka ukutani. Upande wa kuingiza hewa, soksi ndefu ya nailoni iliyonyooshwa vizuri juu ya matundu inachuja vumbi vizuri sana. Ioshe kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Chandarua hakichuji vumbi, matundu yake ni makubwa mno, lakini kinafaa kwa jambo jingine tutakalolifikia.

Mashine za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ndizo nyingi mitaani, na zina shida yake peke yake. Zile nyembamba hazikutengenezewa kadi ya grafiki yenye feni: kadi inabanwa na pawa saplai (kisanduku kinachoipa mashine umeme) au ukuta wa kasha, feni inanyonya hewa ileile iliyokwisha kupashwa moto. Jaribio la dakika tano litakuambia kila kitu. Fungua ubavu wa kasha, cheza gemu lilelile. Joto likishuka kwa nyuzi 7 au zaidi, tatizo ni kasha, si kadi. Usiiache wazi ndiyo iwe suluhisho, maana vumbi la Tabora litaijaza kwa majuma machache. Toboa matundu kwenye ubavu mkabala na feni za kadi (kasha likiwa tupu, chembe za chuma zisibaki ndani), yafunike kwa nailoni, na kama nafasi ipo ongeza feni ya kasha ya milimita 80 au 92 ya kutoa hewa nyuma.

Punguza wati: njia ya salama kwanza

Kwenye Afterburner kuna kitelezi cha Power Limit. Kishushe hadi asilimia 80, bonyeza alama ya kukubali. Kadi yenye kiwango cha wati 170, kama RTX 3060, sasa haivuki wati 136 hivi. Itapunguza kasi yake kidogo pale mzigo unapokuwa mzito, na utapoteza fremu chache. Uzuri wake ni kwamba kadi inabaki na jozi zake za kiwandani za kasi na volti, kwa hiyo haina sababu mpya ya kukatisha gemu. Kwa anayetaka utulivu asihangaike, aishie hapa: kikomo cha fremu na asilimia 80. Kwenye kadi ya AMD kitelezi cha namna hiyo kipo ndani ya Adrenalin, programu ya AMD yenyewe, ila modeli nyingi zinaruhusu kushuka asilimia chache tu, na hapo ndipo volti inapohitajika.

Kupunguza volti, kwa anayetaka kubaki na fremu zake

Wati za chipu hufuata kasi yake mara volti mara volti tena. Volti inahesabika mara mbili, na ndiyo maana inalipa. Ukitoka volti 1.05 ukaenda 0.90 kwa kasi ileile, sehemu hiyo ya umeme inapungua kwa zaidi ya robo. Kiwanda kinaweka volti ya juu ili hata chipu dhaifu kuliko zote katika fungu ifanye kazi. Ya kwako huenda haiihitaji, lakini huwezi kujua mpaka uijaribu, na volti za rafiki yako mwenye kadi ileile si za kwako.

Kwa Nvidia fanya hivi, kadi ikiwa imeshapata moto:

1. Soma kwenye karatasi yako kadi ilikuwa ikikimbia megahezi ngapi. Chagua lengo chini kidogo ya hapo. Kama ilikuwa 1,900, lenga 1,800.
2. Kwenye Afterburner bonyeza Ctrl na F. Mstari wa volti na kasi utafunguka.
3. Shusha mstari wote kwa kitelezi cha Core Clock, megahezi 250 hadi 300, mpaka ncha ya kulia iwe chini ya lengo lako.
4. Tafuta kitone cha milivolti 925, kipandishe hadi 1,800, kubali. Vitone vyote vya kulia vitalala usawa mmoja. Hiyo ndiyo dari: kadi haitavuka 925 tena.
5. Cheza nusu saa. Ikiwa salama, hamishia dari kwenye kitone cha kushoto kilicho milivolti 12 au 13 chini, ucheze tena.
6. Siku itakapokatika, usirudi hatua moja. Rudi mbili, yaani milivolti 25 juu, uhifadhi hapo.

Hatua ya sita ndiyo inayotenganisha kazi safi na kazi ya kubahatisha. Volti inayopita jaribio la nusu saa kwa shida itakuangusha siku ya tatu, katikati ya mechi. Memori usiiguse kabisa wakati huu, maana ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lipi limeleta kosa.

Kwa AMD, fungua Adrenalin, sehemu ya Performance, kisha Tuning, chagua mpangilio wa mkono. Shusha volti kwa milivolti 25 kila mara. Kwenye RX 6600 na ndugu zake namba unayoiweka si volti halisi itakayotumika. Inasogeza mstari mzima chini, kwa hiyo usishtuke ukisoma namba nyingine kwenye HWiNFO. Na kumbuka Adrenalin ina tabia ya kurudisha mipangilio ya kiwandani mashine ikizima vibaya. Ukiona kelele zimerudi ghafla baada ya umeme kukatika, angalia hapo kabla ya kufungua kasha.

Jambo moja linawachanganya watu wengi kwenye Nvidia: kasi husogea na joto. Kadi ikipoa, inajiongezea hatua moja au mbili za megahezi 15 kwa volti ileile. Ukipanga mstari kadi ikiwa na nyuzi 75 na ukaukaza hadi mwisho, kesho asubuhi kadi ikiwa na nyuzi 40 itajipandisha hadi 1,815 au 1,830 na gemu litakatika dakika ya pili, kabla joto halijapanda. Mtu anaapa kwamba joto si chanzo, naye yuko sahihi. Ndiyo sababu lazima ujaribu mara mbili, kadi ikiwa imepoa alfajiri na ikiwa imechemka saa nane.

Usitegemee FurMark, programu ya kuielemea kadi kwa makusudi, kama hakimu. Mzigo wake ni mzito kiasi kwamba kadi inagonga kikomo cha wati na kushuka kasi, kwa hiyo haifiki kamwe kwenye kile kitone ulichokipanga. Gemu linapanda na kushuka, linapakia ramani, linatoka kwenye menyu kwenda vitani, na mabadiliko hayo ndiyo yanayofichua volti iliyopungukiwa. Tumia gemu lako zito, na programu ya majaribio ya Unigine Superposition kwa kurudia mzigo uleule ili ulinganishe namba.

Sasa ndiyo feni

Joto likishashuka, panga mstari wa feni. Huu ni wa kuanzia: asilimia 30 hadi nyuzi 50, asilimia 40 kwa nyuzi 60, 52 kwa nyuzi 70, 68 kwa nyuzi 78, na 100 kwa nyuzi 85. Ile ya mwisho usiiondoe, ndiyo kinga yako siku chumba kikizidi. Mteremko uwe mrefu na wa taratibu, kwa sababu sikio linasamehe sauti inayodumu lakini linasumbuliwa na inayoruka. Mizunguko ikipungua kwa asilimia 20, kelele hupungua karibu desibeli 5, tofauti unayoisikia bila kipimo. Hifadhi profaili mbili: moja ya kiangazi, moja ya masika.

Gemu limekatika: limekatikaje?

Hapa usikisie. Kila namna ya kukatika ina chanzo chake.

Gemu limejifunga, umerudi kwenye desktopu, mashine inaendelea, huenda umeona ujumbe wenye neno DXGI na DEVICE. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tawi la Windows Logs, kisha System, utafute saa ileile. Ukikuta tukio namba 4101, au chanzo kilichoandikwa nvlddmkm, draiva (programu inayoiunganisha Windows na kadi) imeacha kupata jibu kutoka kwenye kadi na Windows ikaiwasha upya. Windows husubiri sekunde 2 tu. Kama umepunguza volti, mshukiwa wa kwanza ni wewe: ongeza milivolti 25. Ikiendelea hata baada ya kurudisha kila kitu cha kiwandani, ondoa draiva kabisa kwa programu ya DDU, weka upya, kisha ujaribu. Gemu moja tu likikatika na mengine yote mazito yakipita, uwezekano ni mkubwa mafaili ya gemu hilo yameharibika. Yakague kupitia Steam kabla ya kulaumu kadi.

Picha ina vidoadoa, mistari, au pembetatu zinazorukaruka kabla ya kukatika. Hiyo ni memori ya kadi, ama imepandishwa kasi ama inachemka. Kama inatokea mipangilio ikiwa ya kiwandani na kadi imewahi kufunguliwa na fundi, shuku themo padi, vile vipande laini vinavyopeleka joto la memori kwenye hitisinki.

Skrini nyeusi, feni zimeruka hadi mwisho zinavuma kama mashine ya kusaga, sauti ya gemu labda inaendelea. Kadi imejikinga na joto au imekosa umeme kwenye plagi yake. Zima, ikishapoa kandamiza plagi ya pini 6 au 8 mpaka ulimi wake ulie. Angalia kama plastiki yake imebadilika rangi.

Mashine nzima imezima au imejiwasha upya kama mtu amechomoa waya, na Event Viewer ina Kernel-Power 41 peke yake. Mshukiwa wa kwanza hapo si volti ya chipu. Ni pawa saplai, UPS, au umeme wa ukutani.

Pawa saplai na umeme wa mtaani

Soma stika ya pawa saplai, siyo maandishi makubwa ya wati bali jedwali dogo. Tafuta safu ya +12V na amperi zake, kisha zidisha. Stika inayojitangaza wati 500 huku safu ya +12V ina amperi 18 inakupa wati 216 tu kwa kadi na prosesa pamoja. Kadi ya wati 170 na prosesa ya wati 65 tayari zimeipita, na bado kadi ina miruko ya milisekunde chache inayozidi wastani wake. Mashine za ofisini tulizozitaja nyingi zina saplai za wati 180 hadi 290. Humo kadi ya wati 75 isiyohitaji plagi, kama GTX 1650 ya aina hiyo, ndiyo saizi yake. Adapta ya kutoka plagi ya diski ya SATA kwenda pini 6 ni hatari ya moto: upande mmoja umeundwa kwa wati 54, mwingine unaweza kuombwa 75.

Jioni umeme ukiwa mdogo, taa zikififia jikoni yanapowaka majiko, saplai ya bei rahisi isiyo na urekebishaji wake inashindwa kushika volti 12. Dalili ni mashine inayocheza vizuri mchana na kujizima saa mbili usiku, kinyume kabisa na tatizo la joto. Pima soketi kwa multimita. Kiwango chetu ni volti 230. Ikishuka chini ya 200 mara kwa mara, nunua stabilaiza kabla ya kadi mpya. UPS ya VA 650 nayo hubeba wati 360 hadi 390 hivi, na betri ikichoka inaangusha mashine kwenye mzigo hata bila umeme kukatika.

Kupunguza wati za kadi kunasaidia upande huu pia. Mara nyingi mashine iliyokuwa inajizima imeacha kwa Power Limit ya asilimia 75 tu, mwenyewe akipata muda wa kujipanga kununua saplai ya maana.

Kufungua kadi: themo pesti na padi

Fanya hivi tu kama tofauti ya Hot Spot imezidi 25 au kadi ina miaka mingi na vumbi halikuwa tatizo. Iendeshe dakika 10 ili pesti ilainike, zima, itoe. Piga picha kila hatua. Legeza skrubu nne zenye springi zilizozunguka chipu kwa mtindo wa msalaba, robo mzunguko kila moja. Usivute hitisinki juu. Izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka iachie, kisha chomoa plagi ya feni kwa kucha, siyo kwa kuvuta waya.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Mafundi wa simu wanayo. Ile ya zahanati ya asilimia 70 ina maji mengi. Chipu ya kadi iko uchi, kwa hiyo paka pesti safu nyembamba ifunike uso wote hadi pembeni. Kona iliyobaki kavu itakuwa Hot Spot yako mpya. Dawa ya meno inayosifiwa mitandaoni inakauka kwa siku chache na kukuacha pabaya kuliko ulipoanza.

Padi ndizo zinazowaponza mafundi. Zina unene wa milimita 0.5, 1, 1.5, 2 na kuendelea, na kadi moja inaweza kuwa na unene wa aina mbili. Ukiweka nene kuliko ya mwanzo, hitisinki inainuka na chipu inachemka. Ukiweka nyembamba, memori haigusi, na vidoadoa vinaanza. Pima padi ya zamani pale ambapo haikukandamizwa. Kama haijachanika na haijakauka, iache. Rudisha skrubu kwa msalaba uleule, pima tena, na tofauti iwe imerudi 10 hadi 15.

Chumba chenye mashine nyingi

Mashine sita za wati 250 ni wati 1,500, sawa na jiko la umeme linalowaka chumbani kutwa nzima. Pangaboi kwenye chumba kilichofungwa linakoroga joto hilohilo. Kinachotakiwa ni tundu la kutolea hewa juu, karibu na bati, lenye feni ya kutoa, na tundu la kuingizia chini upande wa kivuli. Ukipunguza wati 45 kwa kila mashine, kwa saa 10 kwa siku, unaokoa uniti 2.7 kila siku, yaani uniti 81 kwa siku 30, na chumba kinapoa kwa pande zote.

Novemba mvua zikianza, vumbi linatulia na kumbikumbi wanatoka. Wanafuata mwanga wa skrini na taa za ndani ya kasha, wanaingia kwenye feni, mabawa yananata kwenye mapezi. Hapo ndipo chandarua kinapofaa: kipande kimoja juu ya kila tundu kubwa la kasha, pamoja na lile la nyuma, na taa za rangi za ndani zizimwe jioni hizo. Asubuhi yake fungua ubavu, ondoa mabawa kwa brashi kabla ya kuwasha, na kama radi zilipiga usiku, waya uwe ulishachomolewa ukutani tangu jioni.